Sauti Zilizokaa Lizaboni

Tuanzie hapa: Anjelika Komba si mtu mbaya. Wapo wanaomsema sana siku hizi, hasa wale waliokuwa wakimpitia dukani kila wiki kumwomba hiki na kile, lakini ukweli usemwe. Mtu mbaya asingekosa usingizi kwa ajili ya sauti za watu wengine.

Duka lake liko Lizaboni, Songea mjini, mtaa wa ndani kidogo, mlango wa bati wa bluu na benchi nje. Anauza sabuni, chumvi, vocha, mafuta ya kupima, na vitenge viwili vitatu ambavyo vimepauka kwa kukosa mnunuzi. Lakini kwa watu wa Mkalawe, kijiji alikozaliwa, pale hapakuwa duka tu. Pale ndipo maneno yao yalipopitia. Mkalawe iko mbele ya Hanga, unaacha lami, unaingia barabara ya vumbi, unakwenda mpaka unaanza kujiuliza kama hujapotea, na huko mtandao wa simu haujafika. Mnara wameahidiwa tangu enzi na enzi. Wagombea huja, huonyesha kilima utakapojengwa, hupigiwa makofi na vigelegele, huondoka zao. Kilima bado kipo, na nyasi zake.

Basi watu wakajitafutia njia. Osmund, kijana wa parokia aliyesomea kompyuta, alitengeneza programu akaiweka kwenye simu tatu. Moja ilikaa Mkalawe, dukani kwa mzee Otto, ikichajiwa kwa sola. Ya pili alipewa Joachim wa bodaboda, ambaye hupanda kijijini kila siku ya gulio na mahitaji ya wakulima wa tumbaku. Ya tatu ikawa kwa Anjelika. Mtu wa Mkalawe akiwa na neno kwa nduguye aliye Songea au Dar es Salaam au popote, anakwenda kwa Otto, anabonyeza, anaongea. Sauti yake inapanga foleni mle ndani pamoja na za wenzake. Joachim akifika, simu mbili zinarushiana zenyewe. Akirudi mjini na kusimama mbele ya duka la Anjelika zinarushiana tena, na sauti zote zinakuwa zimehamia foleni ya Lizaboni, zikingoja kupelekwa kwa wenyewe. Majibu yanarudi kwa njia hiyohiyo, na Otto huyafungulia kwenye spika yake mwenye ujumbe akifika.

Uzuri wa mpango ule ni kwamba sauti haifutwi huku mpaka kule waseme imefika. Pikipiki iharibike, mvua ikate barabara, simu ya Joachim itumbukie mtoni kama ilivyotumbukia mwaka ule, neno la mtu halipotei. Liko palepale lilipotoka, linangoja safari nyingine.

Kazi ya Anjelika ilikuwa ndogo ila ya lazima. Programu haikujua sauti ni ya kwenda kwa nani, na wazee wa Mkalawe hawakutaka habari za kuandika andika. Kwa hiyo wakakubaliana, kila anayeongea aanze kwa kujitaja na kumtaja anayetumiwa. "Mimi Kasiana, ujumbe ni wa Zuhura wa Mfaranyaki." Anjelika anasikiliza hayo ya mwanzo, anatafuta namba, anabonyeza Peleka, basi. Akishajua ni ya nani, hasikilizi zaidi. Hilo halikuwa kwenye programu ya Osmund. Lilikuwa suala la heshima, na lilisemwa mbele ya kijiji kizima siku ya kwanza, maana nani angetoa ya moyoni kama anajua Anjelika anayasikia huku anapima sukari? Na kweli alikuwa hasikilizi. Mashoga zake walimtania kwamba anakalia chungu cha umbea bila kuonja, naye alicheka tu akaendelea na kazi yake.

Palikuwa pia na kitufe cha Shikilia. Osmund alikiweka kwa dharura, pengine mtu kabadilisha namba, pengine kasafiri. Ukikibonyeza, sauti inabaki kwenye foleni, haiendi mbele wala haifutiki. Anjelika hakuwahi kukigusa mpaka kaka yake alipougua.

Kaka yake ni Athanasi, mkulima wa tumbaku na mahindi, na kichwa chake kilikuwa kigumu, Mungu amrehemu. Mwanawe Victor alikwenda Tunduru kutafuta maisha kwenye korosho, akampata Mwanaisha, Myao, Mwislamu, binti wa watu wenye adabu zao. Athanasi hakutaka. Hakutukana wala hakupiga kelele. Alinyamaza, na kunyamaza kwa mzee yule kulikuwa kubaya kuliko matusi. Harusini hakwenda. Wakapata mtoto, hakwenda kumwona. Mtoto akafa hata kutembea hajajua, na Athanasi hakwenda kuzika. Hapo ndipo Victor alipokata mawasiliano. Mtu anaweza kukosa harusi yako, mkaja mkakaa mkayamaliza. Msiba wa mtoto, aa, huo unakaa.

Miaka ikapita hivyo, baba Mkalawe, mtoto Tunduru. Kisha ini la Athanasi likaharibika. Hospitalini mjini wakampa dawa za maumivu na kumwambia Kasiana, bintiye anayekaa naye, amrudishe nyumbani akapumzike. Kila mtu alielewa maana yake. Mzee naye alielewa, kwa sababu alipoteremshwa tu kwenye gari aliomba apelekwe kwa Otto. Wakambeba juu ya kiti.

Joachim ndiye aliyemsimulia Anjelika. Alisema mzee alipomaliza kuongea na ile simu alilia mbele za watu, na maneno yaliyosikika zaidi ni kwamba amekosa, amekosa sana, anaomba kumwona mwanawe. Anjelika alikaa kwenye benchi kusikiliza, mkono shavuni. Tangu utoto wao hajawahi kumsikia Athanasi akisema amekosa, hata alipovunja mtungi wa mama yao na kila mtu kamwona.

Aliupeleka ujumbe ule kwa Victor palepale. Hakuusikiliza zaidi ya majina. Kisha akaanza kungoja, na kungoja kwake kulikuwa kwa kuudhi: mteja anaomba kiberiti anapewa chumvi.

Jibu lilikuja siku ya gulio, Joachim akiwa tayari nje ya duka anakaza kamba za mizigo. Anjelika aliinua simu akaiweka sikioni.

"Mimi Victor. Ujumbe huu ni wa Athanasi Komba. Sisemi ni wa baba, maana baba wa mtu huja kumzika mjukuu wake."

Akaitoa simu sikioni haraka. Sauti ile ilikuwa kavu, imepangwa, sauti ya mtu aliyekaa na maneno yake muda mrefu. Akatazama kwenye kioo akaona ujumbe ni mrefu, mrefu kweli, na akajisemea kwamba urefu wote ule ni hasira. Mtumaji keshajulikana, mtumiwa keshajulikana, na kanuni inasema ukishajua ni ya nani usisikilize zaidi. Kwa mara ya kwanza kanuni ile ilimfaa mwenyewe. Hakutaka kusikia.

Akilini akamwona kaka yake. Akamwona amebebwa juu ya kiti mpaka kwa Otto, kakonda, macho ya njano, na watu wamekaa wanangoja zamu zao, na spika ya Otto inamwambia mbele ya wote kwamba yeye si baba. Joachim akapiga honi. Anjelika akabonyeza Shikilia.

Sasa hapo ndipo mtu unapotamani ungekuwepo umshike mkono. Angekuwa mbea wa kawaida, akasikiliza mpaka mwisho, mambo yangekuwa mengine. Angekuwa mtiifu wa kweli, akapeleka bila kujali, mambo yangekuwa mengine vilevile. Yeye kanuni moja aliitii na nyingine akaivunja, akaona amemhurumia mtu.

Hakukaa bure, tumpe haki yake. Alimwandikia Victor: "Mwanangu, baba yako anaumwa sana. Tafadhali mpe maneno mengine ya kumtia moyo." Victor alichelewa kujibu, na alipojibu aliandika: "Nimeshasema yote niliyonayo, shangazi. Mpelekee kama yalivyo." Anjelika akampigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. Ulikuwa msimu wa korosho, Victor alishinda vijijini kwenye mizani, na hata angekuwa amekaa tu barazani kwake, shangazi alijua asingepokea simu ya mtu wa ukoo wa Komba.

Joachim alirudi na swali. "Mama, jibu la mzee Athanasi vipi?"

"Bado."

"Maana ananiuliza hata sijavua helmeti. Jana alimtuma Kasiana anisubiri njiani."

"Mwambie mtandao wa Tunduru unasumbua."

Joachim akaitikia kwa kichwa. Hana makuu yule, unachompa ndicho anachobeba. Akaubeba uongo ule mpaka Mkalawe akaufikisha salama.

Safari iliyofuata alikuja na sauti nyingine. "Mimi Athanasi. Ujumbe ni wa Victor." Ilikuwa imefifia, na kati ya neno na neno mzee alipumua. Anjelika akaacha kusikiliza hapo. Kidole kilikuwa juu ya Peleka, kikasita. Bila shaka mzee anauliza jibu lake; ikienda hii, Victor atajua kwamba ile ya kwake haikufika. Atauliza imekwama wapi. Atajua imekwama kwa shangazi yake. Na ile hasira iliyokuwa ya kwenda kwa Athanasi itageuka ije Lizaboni. Afadhali kwanza apate maneno laini kutoka kwa Victor, alijiambia, halafu aziachie zote kwa pamoja, mambo yaishe vizuri. Akaishikilia na hiyo. Ikaja ya tatu, fupi, nayo akaishikilia.

Alipanga kupanda basi aende Tunduru mwenyewe, akamkalishe kijana chini, wazungumze. Lami ipo siku hizi, unaondoka asubuhi unafika. Lakini Jumamosi palikuwa na kipaimara cha mtoto wa jirani na yeye ndiye msimamizi wake. Jumatatu mzigo wa duka unashushwa. Wiki ijayo, akasema. Mgonjwa wa namna ile, mtu unampangia wiki ijayo!

Joachim alikuja siku isiyo ya gulio, hana mzigo, akavua helmeti kabla ya kufika mlangoni. Anjelika alikuwa anamfungia mteja unga. Akauweka mfuko chini.

"Lini?" aliuliza.

"Alfajiri. Kasiana alikuwa naye."

Anjelika alilia kwanza, ndipo akachukua simu kumpigia Victor, na safari hii Victor alipokea upesi, mlio wa kwanza tu. Kwetu habari ile haitupwi simuni. Unasema mgonjwa amezidiwa, njoo, na mwenye akili anaelewa. Anjelika akasema hivyo.

"Shangazi," alisema Victor, "sema tu."

Akasema. Victor akauliza maziko ni lini, akashukuru, akakata.

Alifika Mkalawe kesho yake kabla ya mazishi, na hakufika peke yake. Mwanaisha alishuka nyuma yake kwenye gari, kajifunika vizuri, mkoba mdogo mkononi. Wanawake walimpokea kwa pole, wakamwonyesha mkeka chini ya ukuta. Akakaa pembeni kabisa ya mkeka, mkoba mapajani. Kasiana alimwambia aingie ndani akapumzike, akajibu kwa upole kwamba pale panatosha. Alijua nyumba ile ilivyomkataa. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mume wake, na akimaliza kuzika angeondoka alivyokuja.

Katekista alisali, watu wakaimba, Athanasi akalazwa jirani na mkewe. Victor alishika koleo kama watoto wengine wa kiume wanavyofanya, akafukia bila kusema neno. Anjelika hakuweza kumtazama vizuri. Alijiambia kwamba kijana amekuja, hilo ndilo kubwa, hasira imeisha kaburini, na ule ujumbe mbaya mzee hakuusikia. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara alikaribia kuamini.

Baada ya chakula, watu wakiwa wamepungua, Victor alimwita pembeni, karibu na banda la kukaushia tumbaku.

"Shikamoo tena, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Pole sana."

"Ahsante. Nina swali moja." Alikuwa anaangalia mikono yake yenye udongo. "Baba alisemaje?"

"Alisemaje kuhusu nini?"

"Kuhusu nilivyomwuliza."

Anjelika alimtazama. Victor akadhani anaogopa kumwumiza, akaendelea kwa sauti ya kumrahisishia.

"Nilimwuliza kama nije na Mwanaisha. Nilisema nikipata neno moja tu, njoo, siku hiyohiyo naacha kazi. Nikangoja. Kila simu ikilia naruka. Kama alikataa, niambie, shangazi, sitakasirika na maiti. Nataka tu kujua naondokaje hapa na mke wangu leo. Kama mtoto wa nyumba hii au kama mtu aliyepita kutoa pole."

 Anjelika alishika nguzo ya banda.

"Nipe muda kidogo," alisema.

Alikwenda nyuma ya ghala la mahindi, akaifungua simu kutoka kwenye pindo la kitenge. Sauti zilikuwepo zote, zimepangana alivyoziacha. Akaifungua ya Victor, na safari hii hakuitoa sikioni.

"Mimi Victor. Ujumbe huu ni wa Athanasi Komba. Sisemi ni wa baba, maana baba wa mtu huja kumzika mjukuu wake. Nilikungoja. Watu waliniuliza baba yako yuko wapi, nikasema yuko njiani, basi limeharibika. Nilidanganya mbele ya maiti ya mwanangu kwa ajili yako." Akaendelea hivyo, maneno mazito, mengine Anjelika aliyasikiliza kafumba macho. Alisema kila kitu. Kisha sauti ikabadilika, ikachoka. "Basi. Nimeyasema, nimeyamaliza, sitayarudia tena. Hasira hii nimeibeba mpaka imenichosha. Nimesikia unavyoumwa na nimesikia ulivyosema. Nataka kuja. Ila siji peke yangu, nakuja na Mwanaisha, na sitaki aje akalishwe nje kama mgeni. Niambie njoo, neno hilo tu, na siku hiyohiyo naondoka." Anjelika akadhani ujumbe umekwisha. Halafu Victor akasema lile jina ambalo watoto wa Kingoni huwaitia baba zao. "Dadi. Nije?"

Anjelika alikaa chini, kwenye udongo, na kitenge chake kizuri cha msiba. Akaifungua ya kaka yake, ya pili.

"Mimi Athanasi. Ujumbe ni wa Victor. Victor mwanangu, kama ulinijibu, sijapata. Kama hukunijibu, sikulaumu. Nimemwambia Kasiana atoe magunia kwenye chumba cha upande wa barabara, apake chokaa. Kimekauka. Njoo. Njoo na mkeo. Mwambie Mwanaisha, unasikia, nimelitaja jina lake, sikuwahi kulitaja, mwambie mzee anaomba aje amsalimie. Na kama mna picha ya mtoto, mje nayo. Sijui hata sura yake."

Ya tatu ilikuwa pumzi zaidi kuliko maneno. Baada ya majina palikuwa na maneno mawili tu. "Bado nipo."

Swali na jibu lake. Vilikaa pamoja kwenye simu moja, chini ya kaunta, Lizaboni, karibu na debe la sukari, na yeye akiuza vocha juu yake. Baba alikuwa ameshasema njoo. Mtoto alikuwa ameshasema nije. Kilichokosekana ni mtu wa kuzipeleka sauti tu, na mtu mwenyewe alikuwa yeye. Alijipiga paja kwa ngumi, akasema jina la kaka yake, akalisema tena.

Na hata hapo, binadamu ni binadamu, wazo lilimjia. Joachim alikuwa pale uani anakula. Simu zilikuwa zinakwama, kila mtu alijua. Angeweza kumwambia Victor kwamba sauti ya mzee imefika leo, imechelewa njiani, ndiyo hii, sikiliza. Kijana angejua alikaribishwa. Mwanaisha angeingia ndani. Yeye angebaki shangazi. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, imekamilika, na ilikuwa nzuri. Ila sentensi ile ingemfanya Athanasi aonekane mtu aliyechelewa kusema, na Athanasi hakuchelewa. Alisema mapema, alisema kwa shida, akibebwa juu ya kiti. Hilo angalau asingeweza kumnyang'anya.

Akainuka, akajikung'uta, akarudi bandani.

"Hizi ni za baba yako," alisema, akampa simu. "Sikiliza. Na usikilize ukijua kwamba ya kwako hakuisikia. Hata mwanzo wake hakuusikia. Niliishikilia mimi. Na hizi zake nikazishikilia mimi."

 Victor aliweka simu sikioni, akageukia ukuta wa banda. Anjelika alimwona mgongo tu. Alijua amefika wapi kwa jinsi mabega yalivyokwenda: hapo ni chumba, hapo ni jina la Mwanaisha, hapo ni picha. Victor alisikiliza na ile fupi. Akairudia.

Alipogeuka uso wake ulikuwa umelowa na hakujali kuufuta.

"Kwa nini?"

"Nilisikia mwanzo. Nikaona utamuua."

"Ulisikia mwanzo tu?"

"Mwanzo tu."

"Uliponiandikia niseme maneno mengine, nikajua umesikiliza yote," alisema Victor polepole, kana kwamba anajieleza mwenyewe. "Nikasema, kama shangazi kasikia mpaka mwisho na bado anataka mengine, basi anajua baba hatakubali. Basi hataki. Ndiyo maana sikuja."

"Mwanangu, nisamehe."

"Ile hasira ilikuwa yake, shangazi. Ilikuwa lazima aisikie. Nisingeweza kufika kule mwisho bila kupita pale." Alimrudishia simu, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri. "Ungetuacha tuumizane wenyewe. Tulikuwa tunaelewana."

 Anjelika alitaka Victor amtukane, au yeye amfuate mguu kwa mguu akimwomba, lakini Victor alikuwa ameshaanza kwenda kule kwenye mkeka. Akainama mbele ya mke wake, akamwambia maneno machache, akauchukua ule mkoba kutoka mapajani mwake. Mwanaisha alimtazama, akatazama nyumba, akainuka. Kasiana akaja na ufunguo. Chumba cha upande wa barabara kilikuwa na kitanda kimetandikwa na kuta nyeupe, na Kasiana alisema mzee alikataza mtu yeyote asilale humo, hata yeye alipokuwa anamwuguza.

Anjelika alikaa kwenye gogo nje ya jiko. Wanawake walimpitia na masufuria, wakadhani ni majonzi ya kaka. Hakula. Jua lilikuwa bado juu kidogo Mwanaisha alipotoka ndani, amejitanda khanga mpya, akaja moja kwa moja kwake, akapiga magoti kama wanavyolelewa mabinti wa kwao Tunduru, akampa mkono.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Inuka, inuka."

Hakuinuka. "Nimekuja kukushukuru. Victor kaniambia mzee alitukaribisha, mimi na yeye, na alinitaja jina. Kaniambia ni wewe uliyetufikishia maneno yake. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, shangazi. Nilikuja hapa nimeufunga moyo. Wewe umenifungulia."

Anjelika aliinua macho. Victor alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha kile chumba, anaangalia upande wa barabara, si upande wao. Alikuwa amempa mke wake nusu ya habari, ile inayopendeza, na nusu nyingine kaiacha, kwa ajili ya kumhifadhi shangazi yake, au kumhifadhi Mwanaisha, au kwa sababu alikuwa amechoka. Hakuna ambaye angemlaumu. Mkono wa Mwanaisha ulikuwa wa joto ndani ya mkono wa Anjelika. Ilikuwa ni kuitikia tu. Amina, mwanangu, karibu nyumbani, mambo yakaisha.

"Kaa kwanza," alisema Anjelika. "Mumeo hakukumalizia."

"Kuna nini, shangazi?"

"Baba mkwe wako alikukaribisha akiwa hai. Kabla hajafa, wiki kadhaa. Mngekuja, mngemkuta kakaa mlangoni anawangoja. Alitaka umwonyeshe picha ya mtoto. Maneno hayo sikuyafikisha. Niliyafungia. Nilikuwa nayo dukani kwangu muda wote huo, na ya mumeo pia, na mzee akawa anauliza, nami nikamtumia salamu za uongo. Amekufa hajui kama mwanawe alitaka kuja. Hayo ndiyo niliyoyafanya."

Mwanaisha alibaki amepiga magoti.  Alimtazama Anjelika usoni kwa muda, kama anayemtafuta yule mtu ambaye yeye alikuja kumshukuru, kisha akauachia mkono wake.